Wazee wa Rujewa na Zamu ya Maji

Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, ni mji ulio mbali na bahari. Lakini ndugu zetu wa Visiwani wanahusika nao kuliko wengi wao wanavyodhani. Mchele uitwao wa Mbeya, unaosifika kwa harufu yake hadi Unguja na Pemba, hulimwa kwa wingi katika bonde hili la Usangu. Tena maji ya bonde hili huingia katika Mto Ruaha Mkuu, yakapita Bwawa la Mtera na kituo cha Kidatu, yakazalisha umeme. Unguja imeunganishwa na gridi ya Bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na Pemba tangu mwaka 2010. Kwa hiyo mfereji unaogombewa Rujewa si habari ya Rujewa peke yake.

Upo pia uhusiano wa damu. Katika karne ya 19 masultani wa Unguja walikuwa na askari wa Kibulushi. Wabulushi wengine waliingia Bara, na kabla ya Uhuru baadhi yao walikuwa wamekwisha kufanya makao hapa Rujewa, katika nchi ya Wasangu na watemi wao wa ukoo wa Merere, wakilima mpunga wa kumwagilia. Baadaye walikuja Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, na wafugaji kutoka kaskazini. Mji huu ulijengwa na watu wasiokuwa na babu mmoja. Walikuwa na mto mmoja.

Sisi tuliokulia Rujewa katika miaka ya 1980 tulilelewa na mji mzima. Asubuhi tulikwenda shule ya msingi, alasiri tukakaa mkekani chuoni na juzuu zetu. Mpunga ulipoanza kuzaa, watoto wote tulikuwa majarubani kabla ya jua kuchomoza, tukiamia ndege kwa kombeo na makopo. Kwelea-kwelea hawakuuliza shamba hili ni la Msangu au la Mbulushi, nasi hatukuulizana. Mzee wa Kibulushi aliweza kumkaripia mtoto wa Kisangu mbele ya baba yake, na baba akamshukuru. Mama wa Kibena alimpakulia ugali mtoto yeyote aliyemkuta mlangoni saa ya chakula.

Lakini kumbukumbu iliyo na faida kubwa zaidi kwa wakati wetu ni ile ya banio. Banio la kuyatoa maji mtoni liliundwa kwa magogo, matawi, mawe na udongo. Mafuriko ya masika yalilichukua, na watu wa mfereji mmoja walikutana kulijenga upya. Aliyekosa kufika bila udhuru alijua kwamba zamu yake ya maji ilikuwa mashakani. Wakati wa kiangazi zamu zilihesabiwa mchana na usiku, na wazee ndio waliokuwa waamuzi. Tuliwasikia wakisema kwamba maji hayazuiliwi yote, kwa sababu huko chini nako kuna watu na ng'ombe.

Ukweli ni kwamba banio la matawi lisingeweza kuyazuia yote hata kama mtu angetaka. Lilivuja. Mtaalamu angeuita uvujaji huo ubovu, lakini ndio uliompatia haki yake mtu wa chini.

Nchi ilihitaji chakula, na hatua kubwa zilichukuliwa. Katika miaka ya 1970 Shamba la Mpunga la Mbarali lilianzishwa jirani na Rujewa kwa msaada wa China, chini ya Shirika la NAFCO. Baadaye likafuata Shamba la Kapunga. Wakulima wadogo nao waliona, wakajifunza, wakapanua majaruba yao. Ikaja miradi ya kuboresha mifereji, na mahali pengi banio la matawi likaondolewa, likajengwa la zege lenye milango ya chuma. Kazi ya kujenga upya kila mwaka ikapungua. Hiyo ilikuwa neema, wala hapana anayetaka kurudi kubeba magogo. Hata hivyo banio la zege halivuji. Mtu wa juu sasa aliweza kuuchukua mto wote wa kiangazi kwa kuzungusha mkono mmoja.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Frederick Sumaye, alitangaza mjini London kwamba Serikali itahakikisha mto huo unatiririka mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Mwaka huo ulifika na kupita, na mto ukaendelea kukauka. Mwaka 2006, nchi ikiwa katika mgawo mkali wa umeme, lawama nyingi ziliwaangukia wafugaji, na operesheni ya kuwaondoa Usangu na mifugo yao ikaanza. Mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu liliingizwa katika Hifadhi, na migogoro ya mipaka ikafuata.

Lakini utafiti uliofanywa Usangu kati ya mwaka 1998 na 2005 ulikuwa umeonyesha jambo jingine. Sababu kubwa ya kukauka kwa mto ilikuwa maji yanayochukuliwa mifereji ikiachwa wazi wakati wa kiangazi, hata pale ambapo mpunga umekwisha kuvunwa. Utafiti huo huo uliona kwamba mabanio ya kisasa yalimpa mtu wa juu nguvu ambayo lile la asili halikumpa. Wataalamu walihitaji miaka kadhaa na vipimo vingi kulifikia neno ambalo mzee yeyote wa mfereji angelieleza akiwa ameketi barazani.

Atakuwapo wa kusema kwamba wazee husifu ya zamani. Ni kweli, hawakuwa malaika. Usiku wa zamu watu walivunjiana matuta, na majembe yaliinuliwa kwa nia isiyokuwa ya kulima. Ndiyo maana tunasema kumbukumbu hizo ziandikwe zote, ugomvi pamoja na suluhu, kwa sababu katika ugomvi ndimo sheria ya mfereji ilimopatikana.

Kazi hiyo si ngeni. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya habari za Vita vya Maji Maji kwa wazee, na leo hapana anayeweza kuandika historia ya vita hivyo bila kazi yao. Waingereza nao, katika miaka hiyo ya 1970, waliwaendea wazee wao na vinasa sauti, wakawauliza habari za utoto wao, za jirani na mitaa waliyokulia. Chuo Kikuu cha Essex kilitia fora katika kazi hiyo. Kama kumbukumbu za mitaa ya Uingereza zimestahili kuhifadhiwa, zinazoamua nani apate maji zinastahili zaidi.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetoa nafasi kwa jumuiya za watumia maji. Maofisa wa wilaya na wa Bonde la Rufiji wasiishie kuzigawia jumuiya hizo katiba zilizokwisha kupigwa chapa ofisini. Wakae kwanza na wazee wa kila mfereji, wawaulize zamu zilihesabiwaje, nani aliamua, na mtu wa chini aliachiwa kiasi gani. Majibu hayo yaingizwe katika kanuni, na shule za Mbarali ziyafundishe.

Wazee hao wanapungua kila mwaka. Zege litadumu baada yao, na milango ya chuma itaendelea kufungwa na kufunguliwa. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba anayeizungusha anajua kuna watu chini.