Wanangoma na Mapinduzi

Mwaka 1965 Mfaransa Louis Malle alitoa filamu iitwayo Viva Maria! Ndani yake Brigitte Bardot na Jeanne Moreau ni waimbaji wawili wa kundi la maonyesho, wanaogeuka viongozi wa mapinduzi katika nchi ya kubuni huko Amerika. Mmoja wao huwahutubia wanakijiji kwa maneno aliyoyaazima kwa Shakespeare. Watazamaji walicheka sana.

Je, sisi wa Magu, tuliokulia penye ngoma za Bagika na Bagalu, tucheke nini? Miaka kumi kabla ya filamu hiyo, mwaka 1955, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam, alishika uongozi wa wanawake wa TANU. Naye ni Bibi Titi Mohamed. Hakuazima maneno ya mtu. Aliwaendea wanangoma wenzake, watu waliokwisha kuzoea kukutana, kuchanga fedha na kutimiza ahadi. Na katika miezi michache maelfu ya wanawake wakajiunga. Wakati huo katika Jimbo letu la Ziwa chama kilikuwa kimepigwa marufuku, tangu 1954 hata 1958.

Filamu ikiisha, watu huenda zao. Kazi ya siasa haiishi hivyo. Ndugu wanaume, tukiwaita wanawake kupiga vigelegele mikutanoni, kisha tukawasahau viti vinapogawanywa, tumewafanya wachekeshaji. Aliyebeba mzigo njiani ana haki ya kuketi penye shauri.