Mchezo wa Zamani Katika Simu Mpya: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Katika miji na vitongoji vya mwambao ulio kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Tegeta na Bunju, kupitia Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo mjini, kipo kizazi kilichojifunza michezo ya video vibandani. Ilitosha kuwa na televisheni moja, mashine ya PlayStation 2 na benchi la mbao. Mchezaji alilipia muda, akacheza, muda ulipokwisha akampisha mwenzake. Miongoni mwa michezo ya matukio iliyopendwa mno katika mashine hiyo ni Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa na kampuni ya Rockstar Games mwezi Oktoba 2004.

Watoto wa vibandani sasa ni watu wazima wenye simu zao, na mchezo ule umetengenezwa upya ili uchezwe katika simu hizo. Kutaka kuucheza tena ni burudani halali. Hata hivyo, tunawakumbusha watumiaji tofauti kubwa mbili kati ya kibanda na simu. Kwanza, kibandani ulinunua muda na ukaupata papo hapo; katika simu unanunua ruhusa ya kutumia programu, na ruhusa ina masharti. Pili, kibandani hasara yako haikuzidi sarafu uliyotoa. Katika simu, mchezo unaingia ndani ya kifaa kilekile kinachotunza fedha zako, mawasiliano yako na siri zako. Makala haya yanaeleza namna ya kufurahia mchezo bila kuhatarisha hivyo vyote.

Fahamu toleo unalolipia

Jina moja la mchezo laweza kubeba matoleo kadhaa. San Andreas uliingia katika simu kwa mara ya kwanza Desemba 2013, ukiuzwa kwa dola 6.99 za Marekani, malipo ya mara moja. Mwezi Desemba 2023 lilitoka toleo jingine la simu lililoboreshwa picha na namna ya kuchezea. Toleo hilo lilipatikana kwa njia mbili: kwa wanaolipia huduma ya Netflix, na kwa wanaolinunua moja kwa moja katika maduka ya programu.

Tofauti hiyo ina maana kwa mfuko wako. Anayepata mchezo kupitia huduma ya malipo ya kila mwezi huweza kuucheza maadamu anaendelea kulipa na maadamu mtoa huduma anaendelea kuuweka katika orodha yake. Anayelipa mara moja hahitaji kulipa tena kila mwezi. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa, soma maelezo yote ya ukurasa wa programu: jina la mtoaji, tarehe ya marekebisho ya mwisho, bei katika shilingi, na kama kuna malipo mengine ndani ya mchezo.

Zingatia pia kwamba mchezo uliotengenezwa upya hauwi lazima sawa na ule unaoukumbuka. Mwaka 2014, kwa mfano, baadhi ya nyimbo za redio za San Andreas ziliondolewa katika toleo la kompyuta lililouzwa mtandaoni, kwa sababu leseni za muziki huo zilikuwa zimekwisha muda. Vilevile, vitufe vya padi uliyoishika kibandani sasa vimechorwa juu ya kioo, na vidole hufunika sehemu ya picha. Tazama kwanza video za watu wanaoucheza katika simu inayofanana na yako, ndipo uamue.

Unanunua ruhusa, hununui diski

Aliyenunua diski mwaka 2004 aliweza kuiazima, kuiuza au kuitunza kabatini. Programu ya simu haina haki hizo. Inafungwa kwenye akaunti yako ya duka la programu. Faida yake ni kwamba ukibadili simu, unaweza kuupakua mchezo upya bila kulipa tena, alimradi unatumia akaunti ileile. Hasara yake ni kwamba ukisahau nywila ya akaunti, au ikiwa akaunti ilifunguliwa na fundi aliyekuuzia simu kwa jina lake mwenyewe, ununuzi wako unabaki mikononi mwa mtu mwingine. Aidha, kilicholipiwa katika simu ya Android hakihamii katika iPhone, wala cha iPhone hakihamii katika Android.

Ruhusa hiyo pia haina ahadi ya kudumu milele. Mchezo wa BioShock ulitolewa kwa simu za iPhone mwaka 2014. Mwaka uliofuata ukaacha kufanya kazi vizuri baada ya marekebisho ya mfumo wa simu, na hatimaye ukaondolewa dukani. Mwezi Septemba 2017, mfumo wa iOS 11 uliacha kabisa kupokea programu za zamani za biti 32, na michezo mingi ambayo haikuwa imefanyiwa marekebisho ikazimika katika simu zilizopokea mfumo huo. Funzo kwa mlaji ni hili: mchezo ambao mtoaji wake ameacha kuurekebisha kwa miaka mingi una hatari ya kutofunguka katika simu utakayonunua kesho.

Usisahau hatua ulizofikia. Ukifuta programu, kwa kawaida unafuta pia kumbukumbu ya mchezo iliyohifadhiwa ndani ya simu. Palipo na nafasi ya kuhifadhi hatua hizo katika akaunti ya mtandaoni ya mtoaji, iwashe kabla ya kubadili au kutengeneza simu.

Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Toleo la simu la mwaka 2013 linahitaji karibu GB 2 za nafasi, na matoleo mapya huhitaji zaidi. Mtumiaji mwenye kifurushi cha GB 1 ataishiwa katikati ya kupakua. Ikiwa simu yake imeachwa iendelee kutumia salio la kawaida baada ya kifurushi kwisha, vocha yote yaweza kuyeyuka kabla hajaona hata picha ya kwanza. Tunashauri yafuatayo:

1. Tazama ukubwa wa programu kwanza, kisha linganisha na kifurushi chako na nafasi iliyobaki katika simu.
2. Weka katika duka la programu chaguo la kupakua kwa Wi-Fi pekee, ikiwa unayo Wi-Fi unayoiamini.
3. Funguo la kujirekebisha programu zenyewe lizimwe kwa michezo mikubwa, ili marekebisho yasile data bila wewe kujua.
4. Baada ya kununua, ujaribu mchezo siku hiyohiyo. Duka la Google Play lina utaratibu wa kuomba kurejeshewa fedha ndani ya saa 48, kwa kufuata masharti yake. Apple nayo ina ukurasa wa kuwasilisha ombi kama hilo. Ukikaa wiki mbili ndipo ugundue kuwa simu yako haiuwezi mchezo, umejipunguzia nafasi ya kusikilizwa.

Nakala ya bure na fedha zako

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mchezo maarufu unaouzwa dukani huzungukwa na nakala nyingi zinazotolewa “bure”. Hufika kwa viungo vya WhatsApp, kwa tovuti zisizojulikana, au kwa mtu wa kibanda cha simu anayekurushia faili la APK kwa malipo madogo. Aliyeuchezea mchezo huo utotoni huona jina na picha anazozifahamu, akaamini kwamba kilichomo ndani ni kilekile.

Si lazima kiwe kilekile. Faili la APK laweza kufunguliwa, likaongezwa maelekezo mengine, kisha likafungwa tena likiwa na sura ya mwanzo. Mchezo ukacheza kama kawaida, huku programu iliyojificha ikifanya kazi yake. Ili iweze kukudhuru, huhitaji wewe uipe ruhusa. Kwa sababu hiyo, dirisha la ruhusa ndilo mlango unaopaswa kuulinda.

Mchezo wa matukio hauna sababu ya kusoma ujumbe wako mfupi. Hauna sababu ya kupiga simu, kufungua orodha ya majina yako, kuonekana juu ya programu nyingine, wala kuidhibiti simu kwa niaba yako. Programu inayosoma ujumbe mfupi inaweza kuona namba za uthibitisho zinazotumwa na benki au na huduma ya fedha za simu. Inayoonekana juu ya programu nyingine inaweza kukuwekea kisanduku cha uongo ukaandika namba yako ya siri humo. Ukiona mchezo unaomba mojawapo ya ruhusa hizo, kataa na uifute programu.

Tufikirie maana yake kwa kaya ya mwambao huu. Mama anayelima mwani Mlingotini, mchuuzi anayenunua samaki sokoni Bagamoyo, na dereva wa bodaboda wa Bunju wote huweka mtaji wao katika simu. Mara nyingi simu hiyohiyo hushikwa jioni na kijana wa nyumbani anayetafuta mchezo wa bure. Kilichookolewa ni bei ya mchezo. Kilichowekwa rehani ni mtaji wa familia. Panapowezekana, michezo ichezwe katika simu isiyo na laini ya fedha. Pasipowezekana, ichukuliwe dukani tu, na chaguo la kusakinisha programu kutoka vyanzo visivyojulikana libaki limezimwa.

Ipo pia hoja ya haki. Wahenga wa pwani walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mchezo ni kazi ya waandishi, wachoraji, wanamuziki na watengenezaji programu, na kazi za ubunifu zinalindwa hapa nchini na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Anayeuza nakala zisizo halali hawezi kukupa marekebisho wala risiti.

Mzazi na umri wa mchezaji

Mzazi aliyecheza San Andreas kibandani akiwa na miaka kumi na mbili huweza kudhani kwamba mchezo huo ni wa watoto kwa kuwa ni wa zamani. Sivyo. Mfumo wa Ulaya wa kupanga umri wa wachezaji, uitwao PEGI, umeupangia miaka 18, kwa sababu ya ukatili na mambo mengine yasiyowafaa watoto. Kupita kwa miaka hakukubadili yaliyomo. Maduka ya programu huonyesha alama ya umri katika ukurasa wa kila mchezo, na yana sehemu ya udhibiti wa mzazi inayoweza kuzuia upakuaji na kutaka nywila kwa kila malipo. Tunawasihi wazazi na walezi waitumie.

Ukipata hasara, chukua hatua mapema

Endapo umesakinisha programu yenye mashaka, zima intaneti katika simu hiyo mara moja. Kwa kutumia simu nyingine, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako kupitia namba 100, ueleze kilichotokea na uombe akaunti yako ya fedha izuiwe kwa muda. Futa programu hiyo, badili namba yako ya siri, na ubadili nywila ya barua pepe iliyounganishwa na duka la programu. Piga *106# uhakiki kama hakuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya tapeli aliyekutumia ujumbe itume kwenda 15040. Kisha toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu uhalifu wa namna hii. Tunza ushahidi wote: ujumbe, kiungo, namba ya muamala na picha ya kioo cha simu.

Malalamiko kuhusu vifurushi na makato ya mtandao hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Usiporidhika, yapeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ikiwa muuzaji amekupotosha kuhusu bidhaa, kwa mfano amekuuzia simu kwa madai kwamba inaumudu mchezo fulani ilhali haiuwezi, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya walaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Dai risiti kila unaponunua, kwa kuwa risiti ndiyo shahidi wako wa kwanza.

Jiulize kabla ya kubonyeza

• Je, mtoaji aliyeandikwa katika ukurasa wa programu ndiye mwenye mchezo?
• Je, ninalipa mara moja, au kila mwezi?
• Je, simu yangu ina nafasi na uwezo wa kutosha, na kifurushi changu kinatosha kuupakua wote?
• Je, akaunti ninayolipia ni yangu, na nywila yake ninaijua?
• Je, mchezo unaomba ruhusa usiyoihitaji?
• Je, umri wa atakayecheza unalingana na alama iliyowekwa?

Ukiweza kujibu maswali haya sita bila wasiwasi, lipa, upakue, ucheze. Ukisita hata kwa moja, subiri. Mchezo uliosubiri tangu mwaka 2004 hautapotea kwa kusubiri siku moja zaidi. Fedha zikitoka katika simu, kuzirejesha ni kazi ngumu.