Benchi la duka la nyuzi linauza kuliko rafu

Leo tuongelee benchi. Ndiyo, benchi la mbao, lile la kukalia.

Familia yetu ina duka dogo la nyuzi Mbagala, Temeke. Tunauza uzi wa kufumia, uzi wa kusukia nywele, sindano, vifungo na zipu. Mama ndiye mwenye duka, mdogo wangu anafuata mzigo Kariakoo, mimi nashika oda za mtandaoni. Nje kibarazani kuna benchi moja refu, na jioni huwa limejaa: huyu anafuma vitambaa vya makochi, yule kofia na soksi za mtoto mchanga, binti anasukwa, bibi kaja kupiga stori tu.

Kuna wakala wa pesa za simu alitaka kukodi hapo penye benchi. Hela yake ilikuwa ya uhakika kila mwezi, na kodi ya fremu haina huruma. Nyumbani tulibishana sana. Mama akasema tuhesabu kwanza: wiki mbili, kila anayenunua tumuulize amefikaje kwetu, tuandike kwenye daftari. Wengi walionunua uzi wa kufumia walikuwa wanakaa pale benchini, au wameletwa na anayekaa pale. Benchi likabaki.

Sasa wewe usiye na fremu, hii inakuhusu hivi.

1. Fundisha, ndipo uuze. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini uzi haujiuzi. Mtu ananunua kile atakachofuma. Pale benchini anayeanza anaelekezwa bure na aliyezoea, na akishajua, donge moja halimtoshi. Kwenye ukurasa wako, badala ya picha ya donge na "bei njoo inbox", weka video fupi ya mkono unaoanza kitambaa, andika bei, na useme kitambaa kizima kimekula madonge mangapi.

2. Mwambie mteja asichokijua. Karatasi ya donge inaonyesha uzito, urefu, aina ya uzi na namba ya loti ya rangi. Madonge ya rangi moja yenye loti tofauti yanaweza kupishana kidogo, na kwenye kochi itaonekana. Anayefuma seti nzima mshauri achukue madonge yote kwa mpigo, loti moja. Mwambie pia uzi wa akriliki hautaki pasi ya moto, unaharibika. Wa pamba unavumilia pasi na unanyonya jasho, kwa hiyo kwa joto letu la Dar unafaa nguo ya mtoto.

3. Sikiliza kabla ya kuagiza. Kipupwe kikikaribia, kwetu wanaulizia nyuzi laini za watoto. Kabla ya Idi ni rangi za sebuleni. Kila rangi iliyoulizwa ikakosekana inaingia kwenye daftari. Wewe maswali yako yako inbox, yaandike vilevile. Tena weka akiba ya rangi zinazotoka sana. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024. Siku kama zile unauza ulichonacho ndani.

4. Azima benchi la mwenzako. Mteja wa Tegeta hajawahi kukuona, anaogopa kutapeliwa. Ongea na duka la nyuzi au saluni ya mtaani kwake wakupokelee mizigo, uwalipe kitu kidogo kwa kila mzigo. Mteja anafika, anaushika uzi kwa mkono, analipa kwa lipa namba, anaondoka. Mwenye saluni naye anapata mtu mpya mlangoni.

Ila benchi lina gharama zake. Mazoea yanazaa deni. "Mama, niandikie, nitaleta kesho" inaweza kula mtaji wote. Kwetu mtu hakopi mara ya pili kabla ya kumaliza deni la kwanza, awe shoga, awe shangazi. Na yanayosemwa benchini yanaishia benchini. Usimrekodi mtu akifuma ukamtupia mtandaoni bila kumwomba. Siku akijiona kwenye status yako bila kujua, hatarudi, na hatahama peke yake.

Wiki hii anza na daftari. Kila anayenunua muulize swali moja: "Umenijuaje?" Baada ya siku 14 hesabu majibu. Hapo utajua benchi lako ni lipi na nani amelikalia. Huyo ndiye wa kumtunza kwanza, kabla hujalipia tangazo.