Funga Kitabu Ndipo Usome

Watahiniwa wengi wanaopoteza alama katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili huwa wamevisoma vitabu. Nimesahihisha kazi za watahiniwa ambao, bila shaka yoyote, walikuwa wameisoma tamthilia mara tatu au nne. Walipoulizwa sifa za mhusika mmoja, wakaandika kurasa tatu za kusimulia kisa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisa walikijua vizuri. Kilichowashinda ni kukitoa kichwani kwa mpangilio ambao swali lilitaka, kwa sababu hawakuwahi kulifanyia zoezi jambo hilo.

Chunguza jinsi unavyosoma wakati wa prepu. Unafungua kitabu, unapitia kurasa ulizozipitia wiki jana, unapigia mstari sentensi ambayo tayari ina mistari miwili. Kila kitu unakiona si kigeni, nawe unaridhika kwamba umeelewa. Lakini kulitambua jambo likiwa mbele ya macho yako si sawa na kulikumbuka kitabu kikiwa kimefungwa, na katika chumba cha mtihani kitabu hakipo.

Mwaka wa 2006, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio lao kuhusu jambo hili. Wanafunzi walisoma kifungu, kisha wengine wakakisoma tena, na wengine wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56 ya kifungu, na waliorudia kusoma asilimia 42. Sasa fikiria wewe unayesoma mwezi wa Machi mtihani wa Novemba.

Basi fanya hivi. Usomaji wa kwanza uwe wa kufurahia tu; usiandike chochote, acha hadithi ikuchukue. Katika usomaji wa pili, kila ukimaliza onyesho au sura, funga kitabu. Chukua daftari uandike: nani alikuwepo, wapi, kulitokea nini, kwa nini, na jambo hilo linafichua nini kuhusu wahusika. Utakwama. Kukwama huko ndiko kunakokufunza, kwa hivyo usikimbilie kufungua kitabu. Jikaze dakika moja au mbili kwanza. Kisha fungua, ujaze mapengo kwa kalamu ya rangi tofauti. Kesho yake jaribu tena bila kuangalia daftari, na baada ya juma moja ujaribu mara nyingine. Ile rangi ya pili ikizidi kupungua, unasonga mbele.

Tuchukue Bembea ya Maisha. Mwanafunzi akiandika kwamba Neema ni mwenye huruma, ametaja sifa, basi. Mtahini anasubiri ithibati: Neema anagharamia matibabu ya mamake, Sara, anayeugua. Kwa kawaida hoja kama hiyo ni alama mbili, na anayetaja bila kueleza hujinyima moja. Kwa hivyo unapojipima, usikubali sifa isiyo na tukio. Ukishindwa kupata tukio, labda sifa hiyo uliisikia kwa mwenzako.

Swali la dondoo lina zoezi lake, nalo linahitaji watu wawili. Mmoja afungue tamthilia popote na kusoma maneno ya mhusika. Mwingine ataje msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo. Ni hoja nne, na muktadha huwa na alama nne. Badilishaneni zamu. Dakika 15 baada ya chamcha zinatosha, na mtacheka sana, hasa mtakapogundua kwamba yule anayejiona bingwa wa darasa hamtofautishi Luka na Beni.

Wanaojifunza lugha za kigeni wanaujua mtindo huu. Anayejifunza Kihispania huandika neno upande mmoja wa kikadi na maana upande wa pili, akajiuliza kabla ya kugeuza. Mbinu za lugha zinakubali njia hiyo hiyo: upande mmoja jina, tuseme tashihisi au jazanda, upande wa pili mfano uliouokota wewe mwenyewe kitabuni.

Kuhusu muda, una saa mbili na nusu kwa maswali manne. Jipe dakika 35 kwa kila swali, ubaki na kumi za kusoma maswali na kupitia kazi yako. Angalau mara moja kwa juma jibu swali zima ukiwa na saa mezani.

Na mwongozo huu ulioushika? Uwekee mipaka. Uchambuzi ulio katika kurasa zake tuliufanya sisi, kwa hivyo faida ya kuufanya tuliipata sisi. Unapojiandaa kwa swali la maudhui, andika kwanza hoja zako sita au saba kutoka kichwani, kisha ndipo uje huku ulinganishe. Ukipata hoja ambayo sisi hatukuitaja, na una tukio la kuithibitisha, iandike katika mtihani bila woga. Mtahini hatakunyima alama kwa sababu haikuchapishwa hapa.