Simu Inayokataa Wi-Fi ya Nyumbani

Watoto, wengi wenu mmekwisha kuona, kwenu au kwa jirani, kisanduku kidogo chenye taa za kijani na antena zilizosimama kama masikio ya sungura. Watu hukiita Wi-Fi. Jina lake ni ruta. Wi-Fi ni njia ya mawimbi yanayotoka ndani yake, na jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1999. Kisanduku hicho kikifanya kazi vizuri, hakuna anayekitazama. Siku kinapokataa, nyumba nzima hupiga kelele.

Leo tutajifunza namna ya kutafuta ugonjwa wa simu isiyoshika Wi-Fi. Nasema kutafuta, maana watu wengi hawatafuti. Wanabonyeza hapa, wanabonyeza pale, wanazima, wanawasha, na mwisho wanakwenda kununua simu nyingine. Je, mganga atatoa dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi?

Basi, fikirini nyumba moja ya Bukavu, huko Kadutu. Ni nyumba ya matofali, yenye paa la mabati na vyumba vinne, na jiko liko nyuma. Kila Jumapili jioni mama huongea kwa simu na nyanya wa watoto, anayekaa Uvira, na kumwona uso. Nyanya anaumwa miguu, hawezi tena kusafiri. Lakini tangu majuma mawili simu ya mama haipati kitu. Baba amechoka. Anazo sandukuni pesa za minerivali ya watoto, naye anasema: «Simu hii imekufa. Nitachukua pesa hizi ninunue mpya. Shule itangoja kidogo.» Mnaona, jambo limekuwa kubwa. Mtoto wao wa kwanza, msichana wa darasa la sita, anajibu: «Baba, naomba unipe siku moja tu, nijaribu.» Baba anakubali. Tumfuate.

Kwanza yampasa kujua njia. Uso wa nyanya haurukii simuni moja kwa moja kutoka Uvira. Safari yake ina vipande viwili. Kipande cha mbali hufika kwa kampuni ya intaneti, na kutoka huko hadi kisandukuni, kwa waya, au kwa mnara, au kwa satelaiti. Kipande cha karibu hutoka kisandukuni hadi simuni, hewani, ndani ya nyumba. Wi-Fi ni kipande hiki cha karibu peke yake. Ndiyo maana simu yaweza kuonyesha alama ya upepeo iliyojaa, na hata hivyo hakuna habari inayopita. Njia ya ndani ni nzima, njia ya nje imekatika. Mara nyingi ni mega tu zilizokwisha, na watu wanailaumu simu bure!

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: simu nyingine za nyumbani zinapata? Msichana anaazima simu ya mama mdogo, anasimama nayo karibu kabisa na kisanduku. Inapata. Vema: njia ya nje ni nzima, na mega zipo. Kama simu zote mbili zingalikataa, asingaliigusa simu ya mama hata kidogo. Angalitazama kisanduku: taa zake, waya wa umeme, mega. Tena kurani ikikatika na kurudi, kisanduku huhitaji dakika chache kabla ya kuamka vizuri. Wengi hukosa uvumilivu hapo.

Sasa anakwenda jikoni na simu zote mbili. Ajabu! Hata ile ya mama mdogo inapoteza nguvu, alama ya upepeo inabaki na mstari mmoja. Kumbe kuna kitu kinachoziba mawimbi.

Tusimame hapa kidogo, maana jambo hili ni zuri. Mawimbi ya Wi-Fi ni ndugu wa mwanga na wa mawimbi ya redio. Mjerumani Heinrich Hertz alionyesha kati ya miaka 1886 na 1888 kwamba mawimbi ya namna hiyo yako kweli, na kwamba huenda na kurudi kama mwanga. Yote hukimbia kwa mwendo mmoja, karibu kilometa 300.000 kwa sekunde. Wi-Fi ya kawaida hutikisika mara milioni 2.400 kwa sekunde moja. Fanyeni hesabu: meta milioni 300, mkigawanya kwa milioni 2.400, mnapata meta 0,125. Basi wimbi moja lina urefu wa sentimeta kumi na mbili na nusu, karibu upana wa viganja viwili vya mtoto. Ruta nyingi za sasa zina mawimbi mengine pia, ya milioni 5.000 na zaidi. Hayo ni mafupi, karibu sentimeta 6. Yanabeba mengi kwa haraka, lakini yanachoka upesi mbele ya ukuta. Na simu nyingine za zamani haziyajui kabisa. Ruta ikitoa hayo tu, simu hizo hazioni hata jina lake.

Mawimbi hupita katika mbao na katika kitambaa bila shida kubwa. Matofali huyapunguza. Betoni yenye vyuma huyapunguza zaidi. Maji huyanywa, hata mwili wa mtu, ambao una maji mengi, huyapunguza. Lakini chuma na bati huyarudisha yalikotoka, kama kioo kinavyorudisha mwanga.

Msichana anafuata waya wa kisanduku. Unaingia wapi? Ndani ya kabati la bati! Baba, kwa kuwaogopa wezi, amekifungia humo, na mawimbi yanatokea mlango ulioachwa wazi kidogo tu. Msichana anamwambia kwa adabu: «Baba, kisanduku kinasema, lakini kimefungwa mdomo.» Baba anacheka, halafu anafikiri juu ya wezi, na haki anayo. Mwisho anapigilia ubao mdogo juu ya ukuta wa chumba cha katikati, karibu na dari, mahali mkono wa mpita njia haufiki dirishani. Wanarudi jikoni. Simu ya mama mdogo sasa inapata.

Na simu ya mama? Bado inakataa!

Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Wameponya ugonjwa mmoja, na kwa kuwa mgonjwa hajapona, wanasema dawa haikufaa. Lakini magonjwa yaweza kuwa mawili kwa siku moja. Msichana anasoma vizuri maneno ya simu. Haisemi kwamba neno la siri ni baya. Inasema imeunganishwa, lakini haina intaneti. Ni maneno ya thamani sana! Maana kama neno la siri lingekuwa baya, simu ingezuiwa mlangoni. (Neno hilo lina herufi zisizopungua 8. A kubwa si sawa na a ndogo, na watu huchanganya kila siku 0 ya hesabu na herufi O.) Basi simu ya mama imeingia ndani, lakini imesimama sebuleni, haijui pa kwenda.

Anatazama tarehe. Kwa nini tarehe? Kwa sababu kurasa za intaneti huonyesha simu vyeti, na kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Simu iliyokosa batiri muda mrefu yaweza kuamka na kudhani kwamba ni tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo mashini nyingi huanzia kuhesabu wakati. Simu hiyo huona kila cheti kuwa cha uongo, na kukataa yote. Lakini tarehe ya simu ya mama ni ya kweli. Tuendelee.

Inabaki adresi. Kisanduku ni kama karani wa posta. Kila simu inayoingia nyumbani hupewa namba, ili barua zake zisiende kwa mwingine. Katika nyumba nyingi namba hizo huanza na 192.168.1, halafu namba ya simu yenyewe. Karani huikopesha simu namba hiyo kwa muda, na muda ukiisha huifanya mpya. Mtu hahitaji kuandika kitu. Lakini katika simu ya mama, adresi imeandikwa kwa mkono, nayo inaanza na 192.168.0. Ni mtaa mwingine! Msichana anauliza: «Mama, ni nani aliyeshika simu hii?» Mama anakumbuka kwamba majuma mawili yaliyopita fundi alibadili kioo chake. Naye fundi, alipokuwa akiijaribu, aliandika adresi hiyo kwa mkono, asiifute.

Dawa ni fupi. Anaiambia simu isahau Wi-Fi ile. Katika simu nyingi za kwetu neno ni la Kifaransa, «oublier». Halafu anaichagua tena, anaandika neno la siri polepole, na sehemu ya adresi anaiacha ijiandike yenyewe. Baada ya kitambo kidogo, barua zote za majuma mawili zinaingia pamoja, simu inalia kama kuku wengi.

Mtauliza: si angeweza kuzima na kuwasha kisanduku tu? Mara nyingine hiyo inafaa kweli, maana kisanduku husahau orodha yake mbaya na kuanza upya. Ondoeni waya wa umeme, kwa mikono mikavu, hesabuni hadi 30, rudisheni. Lakini hapa isingefaa: kosa la simu lingebaki simuni, na bati lingebaki bati. Tena kuna tundu dogo nyuma ya kisanduku, lipatalo ncha ya sindano. Msilichome! Linafuta jina, neno la siri na mapatano yote na kampuni, na hapo baba atamwita fundi kwa pesa.

Pesa za minerivali zilirudi sandukuni. Jumapili ile nyanya aliuliza kwa nini mama anaongea kutoka jikoni.

Kazi. 1. Chora nyumba yenu, na uonyeshe mahali ambapo ungeweka kisanduku, na vitu vya chuma vilivyo karibu. 2. Simu tatu za nyumba moja zimekosa intaneti saa ile ile. Utaanza kutazama nini? 3. Wimbi linatikisika mara milioni 100 kwa sekunde, kama katika redio. Tafuta urefu wake.