Sakoshi ya Ngozi Haikaushwi ku Mbabula

Ba dada kwanza, lakini hata ba kaka wenye kutembea na mukoba wa ordinateri, leo tuongee kintu kimoja chenye kinakula falanga zetu pole pole: sakoshi ya ngozi.

Mwaka nilipomaliza masomo, dada yangu mukubwa aliniachia sakoshi yake ya kahawia. Siku moja ya Desemba mvula ilinikuta njiani nikitoka kupeleka dosie ya kuomba kazi. Kufika nyumbani, nikaitundika karibu na mbabula. Asubuhi ilikuwa imekauka, ndiyo, lakini ngumu sawa mbao, na mushipi umepasuka. Dada aliitunza miaka. Mimi niliiharibu usiku mumoja. Njo maana naandika.

Juu ya nini ilipasuka? Ngozi ni nyuzi ndogo ndogo za protini zenye kufumana. Wenye kuitengeneza wanaingiza mafuta kati ya nyuzi hizo ili ziteleze na ngozi ikunjike bila kuvunjika. Ikilowa, kisha ikaushwe haraka na moto, nyuzi zinajikunja na kushikana, ngozi inakakamaa. Hapo hakuna dawa ya kuirudisha kabisa. Makala, jua la saa sita, mashine ya kukausha nywele: vyote ni kosa moja.

Ikilowa, fanya hivi. Tosha vitu vyote ndani. Pangusa maji na kitambaa kikavu, bila kusugua. Jaza karatasi nyeupe ili isipoteze umbo. Gazeti hapana, wino wake unaweza kuchafua ndani. Iache kivulini, mahali penye hewa, siku moja ao mbili, na karatasi zikilowa uzibadilishe. Ikikauka kabisa, njo upake krimu ya ngozi, kidogo tu.

Hapa Lubumbashi mwaka una hatari mbili. Kuanzia Novemba mpaka Machi, mvula inaleta unyevu, na unyevu unaleta ukungu. Usifungie sakoshi mu plastiki, juu ngozi haipati hewa. Iweke ndani ya foronya nyeupe ya pamba. Ukiona ukungu, ipeleke inje, pangusa na kitambaa kikavu, iache ipigwe na upepo. Kisha, kuanzia Mei, vumbi jekundu. Vumbi ni michanga midogo: ukipaka krimu juu yake, unasugua ngozi na michanga. Kila juma pangusa kwanza na kitambaa laini. Krimu yenyewe, mara moja kila miezi mitatu inatosha, na ujaribu kwanza chini ya sakoshi, pahali pasipoonekana.

Vitu vya kukataa: mafuta ya kupika, juu yanaacha madoa na kisha yananuka, siraji ya viatu yenye rangi, juu itahamia ku shati lako jeupe siku ya kuonana na mukubwa wa kazi, sabuni ya unga, javeli na dawa ya mikono yenye alkoli, juu vinakausha ngozi na kutosha rangi. Na biki, uifunge mbele ya kuiingiza: wino ukiingia mu ngozi, hautoki vizuri.

Lakini mbele ya yote, ujue kama ni ngozi kweli. Angalia pahali palipokatwa: ngozi inaonyesha nyuzi, simili inaonyesha kitambaa chenye kufunikwa na plastiki. Simili ikianza kubambuka, hakuna krimu ya kuiponya. Haina ubaya, paka usiilipe bei ya ngozi.

Mwisho, uzi mumoja ukilegea, nenda ku kordonie siku ile ile. Kushona pahali padogo ni falanga kidogo. Mushipi ukikatika mu taksi, ordinateri njo itaanguka. Na ukiweka sakoshi nyumbani, usiitundike na mushipi wake miezi yote: uzito unauvuta na kuulegeza.

Kazi haipatikane juu ya sakoshi, hilo tunajua. Lakini wengi wetu tunabeba diplome mule, na hatuna falanga ya kununua ingine kila mwaka. Ile ya dada, kordonie alibadilisha mushipi. Ngozi ingali ngumu, haitembei tena. Inakaa nyumbani, inalinda karatasi zangu.