GB 2 800 na ule mfuko wa vitamini

Mdogo wangu ni SS. Kwa wenye hawajui, SS ni drepanositozi, ugonjwa wa kurithi wenye kufanya chembe nyekundu za damu zipinde kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ana miaka 19, na huu ni mwaka wa pili anakunywa haidroksiurea. Siku moja akarudi na karatasi ya labo: GB 2 800. Pembeni waliandika kawaida yake, 4 000 mpaka 10 000. Nyumbani watu wote wakageuka waganga. Mama mdogo akashuka mpaka farmasi moja huku kwetu Kadutu, muuzaji akamfungia kinini za aina tatu kwenye mfuko: maltivitamini, asidi foliki na zinki. "Mama, hii itamupandishia damu." Feza zile zingetosha kurudia ekzame.

Mimi nimesoma agronomia, si udaktari. Lakini mfuko ule ulinisumbua, nikaanza kuuliza waganga na kufungua vitabu. Nawaandikia nilichoelewa, juu najua wengi wenu muko na SS nyumbani, hata kama hamusemi.

Tuanze na karatasi yenyewe. GB ni chembe nyeupe zote pamoja, sawa na kusema "askari" bila kutaja kikosi gani. Chini kidogo kuna mstari wa FL, na hapo kuna herufi N: neutrofili, zile zinazotangulia kupambana na bakteria. Ya mdogo wangu ilikuwa N 28%. Hesabu ni ya shule ya msingi: 2 800 mara 28, gawa kwa 100, unapata 784. Hiyo 784 ndiyo namba ya kumuuliza munganga.

Na kabla hamujaogopa bure: Waafrika wengi tunazaliwa na neutrofili chache kuliko Wazungu, na ile "kawaida" ya kwenye karatasi mara nyingi ilitokana na damu yao. Mtu mzima kabisa wa Bukavu anaweza kuwa na 1 300 na asiwe mgonjwa. Sababu ni jeni moja, ileile inayotukinga na aina moja ya malaria, ile ya vivaksi. Ila 784 kwa mtu anayekunywa haidroksiurea ni habari nyingine.

Kumbe mtu wa SS asiyekunywa dawa hiyo, mara nyingi GB zake ziko juu. Zikishuka, kuna kitu kimezishusha, na swali la kwanza ni: anameza nini? Haidroksiurea inapunguza kasi ya chembe kugawanyika ndani ya uboho wa mifupa. Inarudisha pia hemoglobini ya utotoni, ile isiyopinda, na hapo ndipo faida yake. Lakini breki ni ileile: inakamata na neutrofili. Kwenye utafiti wa REACH, watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale walipewa dawa hii, na matokeo yakatoka 2019: maumivu yalipungua, maambukizi yalipungua, hata malaria. Neutrofili za mtoto zikishuka chini ya 1 000, walisimamisha dawa kwanza. Dawa ni nzuri, inataka tu kuhesabiwa. Muulizeni pia kuhusu kinini za maumivu. Metamizoli, ile wanayouza kwa jina la Novalgine, kwa nadra inaweza kufuta neutrofili karibu zote. Marekani waliiondoa sokoni 1977. Kloramfenikoli nayo inaweza kuubana uboho.

Sasa vitamini. Mugomba wenye mnyauko wa bakteria, hata uumwagie mbolea ya ng'ombe wote wa Walungu, hautapona, juu haukukosa chakula. Vitamini inajaza shimo. Kama hakuna shimo, haina kazi. Mashimo yanayoshusha chembe nyeupe kweli ni machache: folati, B12, na shaba.

Folati jina lake linatoka kwenye neno la Kilatini la jani, na mwaka 1941 waliipata kwenye mchicha wa kizungu. Iko kwenye lengalenga na maharagi. Kwenye sombe pia, ila ile tunayoiacha motoni saa nzima na zaidi, folati nyingi inapotea. Kwa mtu wa SS chembe nyekundu inaishi siku 10 mpaka 20 badala ya 120, uboho unafanya kazi bila kupumzika na unakula folati, ndiyo maana waganga wengi wanamwandikia asidi foliki. B12 mimea haitengenezi kabisa. Inatoka kwa nyama, mayai, maziwa, samaki. Sambaza wetu wa ziwa Kivu wanayo ya kutosha. Hatari iko hapa: anayekosa B12 ukimpa asidi foliki peke yake, damu inapendeza kwenye karatasi, huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika.

Zinki ndiyo ilinishangaza zaidi. Ukiimeza nyingi kwa miezi, inazuia shaba isiingie mwilini, na shaba ikikosekana neutrofili zinashuka. Yaani kinini iliyonunuliwa kupandisha inaweza kushusha! Mutu mukubwa asipite miligramu 40 kwa siku bila munganga, na kinini moja ya kawaida ni 20. Muuzaji alisema tatu. (Mama wa watoto wanaohara, musitupe zinki yenu: ile ya siku 10 mpaka 14 ni dawa sahihi.)

Siku ya tano ya ule mfuko, saa tatu usiku, mdogo wangu akapata homa, 38,6. Mama mdogo akasema tuache vitamini ifanye kazi kwanza, asubuhi tutaona. Tungekubali. Lakini bandama ya mtu wa SS mara nyingi imeshakufa, bakteria wa pnemokoki anaweza kumuua kwa masaa. Ukiongeza neutrofili 784, asubuhi ni mbali sana. Tulimpandisha motari, mimi nyuma nikimshika. Walimwekea antibiotiki kwenye mshipa usiku uleule.

Haidroksiurea ilisimamishwa. Baada ya wiki mbili N zilifika 1 900, akaanza tena kwa kipimo kidogo. Mfuko tulikuwa nao. Munganga aliacha asidi foliki, akatoa zinki, kisha akageuza boksi ya maltivitamini na kusoma herufi ndogo: kulikuwa chuma ndani. "Huyu amekwisha pewa damu mara ngapi?" Mara sita, nikasema. "Basi chuma iko nayo mingi, na mwili hauna njia ya kuitoa." Akaiweka pembeni pia.